Watu wa Msitu Hawapandi Mlima

Wiki hii darasani wavulana wawili karibu wapigane kwa sababu ya mtu ambaye haishi popote. Ni mtu wa mchezo wa telefone, ile michezo ya falme na mapanga na uchawi, ambamo kabla ya kuanza unachagua utakuwa nani: wa taifa gani, mwenye silaha gani, mwenye uso gani. Mmoja alikuwa amejitengenezea shujaa ambaye baba yake ni wa taifa hili na mama yake wa lile. Mwenzake akamwambia hapana, mtu kama huyo hawezi kuwepo, hapatani na historia ya ile dunia. Waliotunga walishasema mataifa yale mawili hayazaani. Wakabishana mapumziko yote. Mimi nilikuwa nyuma yao nakula muhogo wangu, na nilikuwa na la kusema. Lakini wanaonijua wanajua: nikiwa na la kusema, shingo inashika joto, maneno yanajipanga mstari kama wanafunzi mbele ya bendera, halafu kengele inalia na kila mtu anaondoka.

Basi nitaliandika. Ninyi wa rika langu mliokua mkigombania telefone ya mkubwa mmoja mtanielewa.

Nilizaliwa Walikale, chini kule ambako barabara inapita katikati ya miti na nguo hazikauki. Papa ni mtu wa huko, Munyanga, mtoto wa wawindaji wa nyavu, yeye mwenyewe anauza mawese. Mama ni Muhunde wa Karuba, juu katika milima ya Masisi, kwenye ng'ombe na maharagwe. Nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia kwamba hayo ni mambo mawili. Nilidhani kila mtoto duniani ana koko wa joto na koko wa baridi, kama vile kila mtoto ana mkono wa kulia na wa kushoto.

Kisha koko wa baridi, baba ya Mama, akaanza kuugua. Mama akanichukua tukapanda Karuba kumuuguza. Papa akabaki na mawese yake, akasema atakuja.

Kitu cha kwanza ninachokumbuka cha Karuba ni kwamba maji ya kunawa yaliuma. Cha pili ni harufu: maziwa, moshi, na blanketi ambalo halijawahi kuwa kavu kabisa. Asubuhi nilikuwa natoka nje nakuta ukungu umelala bondeni, chini yetu, na ng'ombe wamesimama juu yake kama watu waliosahau walichokuja kufanya. Kule kwetu mawingu yako juu. Kuyaona chini ya miguu kulinitia hofu ambayo sikumwambia mtu.

Nyumba ya Koko ilikuwa imejaa watoto wa mujomba Safari, kaka ya Mama. Mkubwa wao aliitwa Furaha, alikuwa anamaliza shule ya msingi na ndiye peke yake aliyesoma Kifaransa bila kuweka kidole chini ya kila neno. Aliyemfuata ni Bahati, wa umri wangu, mdomo usiofungwa. Siku ya kwanza tu Bahati alinisikia nikisema neno la Kinyanga, akaanguka chini kwa kicheko, na tangu hapo jina langu likawa Walikale. "Walikale, leta maji." "Walikale, unaogopa ng'ombe? Ng'ombe haikule watu!" Sikukasirika. Nilikuwa sijui kujibu, basi.

Mujomba Safari alikuwa anapeleka maharagwe Rubaya, kwa wachimbaji wa madini ya coltan, na safari moja alirudi na telefone yenye kioo kilichopasuka pembeni. Kijana aliyemuuzia alikuwa ameacha mchezo ndani yake. Mujomba mwenyewe hakuujali. Yeye alitaka kupiga simu. Lakini mchana, telefone ikiwa imelala dirishani pale ambapo mtandao unapatikana, Furaha aliruhusiwa kuishika.

Katika dunia ya ule mchezo kulikuwa na Watu wa Mlima na Watu wa Kivuli. Kabla ya kucheza ilibidi usome maandishi marefu ya Kifaransa, na Furaha alitusomea akigeuza kila sentensi kwa Kiswahili, sauti yake ikiwa nzito kama ya mwalimu wa katekisimu. Zamani sana, alisema, Watu wa Mlima na Watu wa Kivuli waligombana, wakaapa kiapo. Wa Kivuli, ambaye anaishi chini ya miti, akipanda juu ya mawingu pumzi yake inakatika, anakufa. Wa Mlima akishuka chini ya miti, miguu yake inageuka jiwe. Njo maana hawaoani. Njo maana kila mutu anakaa kwao.

Bahati alichagua Mlima. Furaha alichagua Mlima. Ikafika zamu yangu.

"Mimi nachagua zote mbili," nikasema. Nadhani ndiyo ilikuwa sentensi yangu ndefu kuliko zote tangu nifike.

"Zote mbili haiko," Furaha akasema.

"Mama ni wa hapa. Papa ni wa kule."

"Nasikia. Lakini mu jeu, mu huu mchezo, haiko. Soma mwenyewe." Alijua siwezi kusoma. "Kama uko wa Kivuli, huwezi kuwa hapa juu, utakufa. Kama uko wa Mlima, huwezi kutoka kule. Nusu-nusu itaishi wapi?"

Hakuwa mkali. Nataka mlijue hilo kuhusu Furaha. Alisema kwa upole, kama mtu anayekuonyesha kwamba viatu vimevaliwa kinyume. Alikuwa anaipenda ile dunia, na ukipenda kitu unataka kikae sawa.

Nikachukua telefone. Kulikuwa na vitufe viwili, mlima na mti. Nikaweka dole gumba huku na dole gumba kule nikabonyeza pamoja, kwa nguvu, macho nimefumba. Nilipofumbua, kioo kilikuwa cheusi. Mchezo ulikuwa umezimika.

"Unaona?" Bahati akapiga kelele. "Hata telefone imemukataa!"

Ilirudi baadaye, bila shaka. Ilikuwa imekwama tu. Lakini mimi niliamini kwamba telefone ilinitazama, ikajaribu kunipokea, ikashindwa. Jioni ile nikioga katika beseni nyuma ya nyumba nilijikagua mwili mzima nikitafuta mpaka. Nilijua lazima uwepo mahali, mstari mwembamba kama ule wa embe lililokomaa upande mmoja. Vidole vya miguu vilikuwa baridi kama mawe: hivyo vya Mama. Tumbo lilikuwa la joto: la Papa. Sikujua magoti ni ya nani.

Baterie ya telefone ilikuwa inaisha upesi, na mujomba hakupenda kuichosha. Basi Furaha akaanzisha mchezo wa mdomo. Tulikaa uani juu ya maganda ya maharagwe yaliyopigwa, yeye akiwa Mwenye Dunia: anatueleza tuko wapi na tunaona nini, nasi tunamwambia tunafanya nini. Kujua kama umefaulu, ulirusha maharagwe matatu yaliyokwaruzwa upande mmoja. Mikwaruzo ikitazama juu, umefaulu. Ikitazama chini, umeanguka mtoni. Hakuna mchezo wa telefone niliocheza baada ya hapo ulioukaribia ule. Furaha alikuwa anaweza kusema, "Mbele yenu kuna mlango, na mlango unapumua," na nywele zako zikasimama mchana kweupe.

Lakini sheria ilikuwa ileile. Nichague. Na mimi nilikataa kuchagua, si kwa ubishi. Niliogopa. Nikisema Mlima, nitakuwa nimemwacha Papa peke yake chini ya miti. Nikisema Kivuli, basi nimekaa hapa Karuba kwa makosa na pumzi yangu inaweza kukatika nikiwa nachota maji.

"Awe mbuzi," Bahati akapendekeza. "Mbuzi haina taifa."

Furaha akafikiri. "Mbuzi inawezekana," akasema. "Mbuzi iko mu jeu."

Nikawa mbuzi. Nilibeba mizigo ya Watu wa Mlima, nikawafuata kwenye madaraja na mapango, na mbuzi hasemi. Wakati mwingine mlango unaopumua ulikuwa mbele yetu na mimi nilijua kabisa la kufanya, nilijua neno la kuuambia, na ilinibidi nikae kimya nitafune. Nilikuwa ninataka kitu kimoja tu duniani: Furaha anigeukie aniulize, "Na wewe, unafanya nini?"

Koko akafa wakati maharagwe ya msimu wa pili yalikuwa yanaanza kuota. Alikufa kimya, asubuhi, baada ya kuomba uji na kuusahau. Watu walijaa uani, moto wa kilio ukawashwa na haukuzimwa, kanisa likaimba. Na kutoka wakati ule hakuna aliyegusa shamba. Majembe yote yaliegemezwa ukutani na hakuna mtu wa nyumba aliyeyashika.

Nilimsikia Mama dirishani, anasema katika telefone: "Ndiyo. Baba amekwenda. Ukuje."

Papa anakuja. Papa, mtu wa Kivuli, anapanda juu ya mawingu.

Nikamvuta Mama kitenge. "Mama, umwambie Papa asikuje."

Mama alikuwa amelia mpaka uso umebadilika, lakini aliposikia hivyo uso ukakaza. Akainama akanishika mabega. "Nani amekuambia nini? Umesikia watu wanasema nini juu ya barabara?"

"Si barabara."

"Ni nini? Sema!"

"Ni pumzi," nikasema. "Itakatika."

Mama akanitazama. Kule kwetu mtoto akisema neno kama hilo watu wazima hawacheki. Kwa siku zilizofuata alikuwa anatoka kila saa kutazama njia, na mimi nikimwona anatazama nikawa na uhakika zaidi. Hivyo ndivyo tulivyotishana, mimi na mama yangu, kwa mchezo wa telefone.

Papa alifika mchana, amepanda pikipiki hadi pale inapoweza kufika, halafu kwa miguu. Alikuwa na bidon ya mawese na nyama ya kukaushwa imefungwa kwa majani, na midomo yake ilikuwa ya kijivu. Alimsalimu Mama, akasalimu wazee, akafungua kinywa aniite mimi, na kikohozi kikamshika. Kikohozi kikubwa, cha kukunja mgongo.

Nilijua. Nikasema moyoni, imeanza.

Wakamkalisha karibu na moto. Mimi nikaenda nyuma yake nikaweka sikio mgongoni kwake, juu ya jaketi lenye harufu ya petroli na mawese, nikabaki hapo.

"Unafanya nini huko nyuma, mama?" Papa huniita hivyo, kwa sababu nina jina la mama yake.

"Nasikiliza."

"Unasikia nini?"

"Bado uko."

Akacheka, kicheko kikaamsha kikohozi, nami nikaanza kulia kwa sauti mpaka wanawake wa kilio wakageuka. Wakadhani namlilia Koko, wakanisaidia kulia. Ndipo nikamweleza Papa yote: mlima, mti, kiapo, telefone iliyonikataa. Sikuwahi kumweleza mtu kitu kirefu hivyo. Papa alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Sasa mimi nakufa?" akauliza.

"Njo wanasema."

"Hapana. Hii iko baridi ya kina mama yako. Wanaifuga pamoja na ng'ombe." Akanywa. "Waambie waongeze sukari."

Asubuhi nilimkuta anakula viazi. Nikakimbia kumtafuta Furaha, nikamkuta anakamua, kichwa amekiegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe. Macho yake yalikuwa yamevimba. Yeye ndiye aliyekuwa anamsomea Koko Biblia kila siku tangu macho ya mzee yaishe.

"Papa amelala hapa juu. Hakukufa."

"Labda hakupita mawingu," akasema bila kugeuka.

Nikamwonyesha bonde. Ukungu ulikuwa umelala mle chini, mweupe, umejaa. Furaha akaacha kukamua, akatazama.

"Jeu iko jeu," akasema. "Kama kanuni inabadilika kila mutu akilia, si kanuni tena."

Na ubaya wake, nilimwelewa.

Siku ya kumaliza kilio mchungaji aliomba, tukasema amina, akala, akaondoka. Kisha wazee wakabaki na yale ya nyumbani. Mke wa mujomba, mama yake Furaha, akatoa jembe moja akalisimamisha katikati ya uwanja. Furaha akatoka mbele kulichukua. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa mjukuu mkubwa, alimpenda Koko kuliko sisi wote, na shamba lile alililima naye. Alinyoosha mkono.

"Acha," mama yake akamwambia taratibu. "Wewe uko wa nyumba."

"Njo nafaa, kwa sababu niko wa nyumba."

"Njo huwezi. Sisi wote hapa kifo kimetushika. Mutu hawezi kujitoa mwenyewe. Anatutoa mupwa." Akapaza sauti. "Mupwa iko wapi?"

Sikujua mupwa ni nani. Nilitazama huku na huku pamoja na wengine, mpaka nikaona kwamba wananitazama mimi. Mupwa ni mtoto wa dada: mtoto aliyezaliwa na binti wa nyumba kwa mwanaume wa mahali pengine. Damu yake ni ya hapa lakini si wa hapa, na kwa hiyo, walivyoona wakubwa zetu, kifo cha nyumba hii kinampita. Mama alikuwa binti pekee wa Koko. Mupwa nilikuwa mimi.

Shingo ikashika joto. Mama akanisukuma mgongoni. Jembe lilikuwa refu kuliko mimi, na uwanja mzima ulinyamaza hata nikasikia kikohozi cha Papa nyuma kabisa. Tulikwenda shambani kwa mstari, mimi mbele, mujomba Safari akinishikia mpini kwa juu ili usinipige kichwani. Wakaniambia nipige. Nikapiga. Jembe liliingia kiasi cha kufukia mbegu moja, basi, lakini wanawake walipiga vigelegele utadhani nimefungua barabara, na watu wakaanza kushika majembe yao. Mujomba akaniambia mupwa haondoki mikono mitupu. Niingie bandani nikamate kuku yeyote ninayetaka, bila kuomba.

"Asikamate yule mwekundu!" Bahati akalia. "Papa, umwambie! Yule iko wangu!"

"Nyamaza. Mupwa haambiwi."

Nilimkamata mwingine, mweupe, mwembamba.

Furaha hakupiga vigelegele. Nilimwona amebaki pembeni na mama yake, anauliza, na nikasogea kusikia, kwa sababu nilifikiri ananichukia.

"Na kama mupwa haiko?"

"Tunangoja."

"Na kama iko mbali?"

"Tunatuma watu. Tunangoja."

"Na maharagwe?"

"Yanaoza, Furaha. Tutafanya je?"

Furaha alikuwa na uso ule aliokuwa nao akisoma Kifaransa kigumu, anarudi mwanzo wa sentensi.

Tulirudi kwenye mchezo kilio kilipokwisha kuondoka ndani ya nyumba na watu wazima wakawa shambani. Mimi nilikwenda moja kwa moja kukaa mahali pangu pa mbuzi. Furaha hakuanza. Alikuwa anachora chini kwa kijiti.

"Kuko kitu hawakuandika," akasema. Hakunitazama, alikuwa kama anasema na ile dunia. "Watu wa Mlima wakifiwa, nani anawafungulia mashamba? Wote wako wa mlima. Kiapo kinasema kila mutu akae kwao. Sasa wangekufa njaa zamani. Na hawakufa, wako mu jeu." Akafuta alichochora. "Kwa hiyo mupwa alikuwako. Lazima alikuwako tangu mwanzo. Walisahau tu kumuandika."

"Ah, Furaha!" Bahati akasema. "Unamuhurumia kwa sababu alipiga jembe."

"Simuhurumii. Nasahihisha." Na kwa hilo nilimpenda kuliko angenihurumia. Akanigeukia. "Lakini sikia. Hatakuwa na raha kutupita. Huku juu atakohoa. Kule chini miguu itakuwa mizito. Na kila mahali akifika watamuuliza ametoka wapi. Unakubali?"

"Nakubali."

"Njo kanuni."

"Njo kanuni."

Ningependa kuwaambia wale wavulana wawili hivi: sikumshinda Furaha kwa machozi, wala hakuiharibu dunia yake ili nipate nafasi. Aliisoma upya, akaiona ina shimo la umbo langu. Lakini wataniuliza haya yako wapi katika mchezo wao, na mimi nitashika joto shingoni, na kengele italia.

Furaha akakaa sawa, akashusha sauti yake ya Mwenye Dunia.

"Uko njiani. Nyuma yako miti imeisha. Mbele yako, juu, walinzi wa Mlima wamekuona, wamesimamisha mikuki. Wanauliza wewe nani." Akangoja. "Unafanya nini?"

Nikasema. Nilisema jina la mtu wangu wa mchezo, na la mama yake, na la baba yake, na alivyobeba mawese, na alivyojua nani amekufa mlimani na kwa nini majembe yamelala. Nikasema walinzi wanavyoitwa na wake zao wanavyoitwa. Nikasema mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia, na Furaha, mdomo wazi, alikuwa ameacha kuongoza na anasikiliza tu, hata Bahati akashika kichwa.

"Eh, Walikale!" akalia. "Na sisi wengine tuishi lini mu hii jeu?"